Viporo Ndani ya Mashine

Mliponiaga pale ofisini Kilifi mlinipa leso mbili, keki yenye jina langu lililokosewa, na ombi moja: niandike niliyoyaona kazini, yawafae mnaobaki. Leso nazivaa. Keki wajukuu waliimaliza kabla sijavua viatu. Ombi ndilo lililonikaa kooni, maana mimi kusema naweza kutwa nzima, lakini kuandika habari zangu mwenyewe naona haya. Haya basi, nimeketi barazani kwetu Mambrui, wajukuu wako chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani, kahawa iko karibu. Nisikilizeni.

Vyeo sitavisimulia. Nilipandishwa, nikateremshwa, nikapandishwa tena, na kiti nilichokalia kilikuwa kile kile chenye mguu mmoja mfupi. Nitawasimulia viporo, kwa sababu ndivyo vilivyonilisha miaka yote hiyo, na ndivyo vilivyokaribia kunivua nguo mbele za watu nikiwa nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Kwa nyinyi wa mapokezi na wa uhasibu, ambao najua mtasoma kwa udaku tu, nitaeleza. Sisi watengenezaji wa programu tunaandika maagizo kwa lugha inayokaribiana na ya watu. Mashine haiyaelewi hivyo hivyo. Ni lazima yageuzwe yawe faili nyingine, ya lugha yake yenyewe. Vijana mnaita kukompaili; sisi pale ofisini tuliita kupika. Sasa, kupika kunachukua muda, kwa hiyo programu inayopika imefundishwa uvivu wa akili. Inatazama kila faili ya maagizo na ile iliyopikwa kutokana nayo. Ikiona maagizo yameandikwa baada ya mapishi ya mwisho, inapika upya. Ikiona maagizo ni ya zamani kuliko mapishi, inasema hapa hakuna jipya, inapita. Utaratibu mzuri kabisa. Lakini siku ukikosea, unabadilisha maagizo, unaiambia ipike, inakujibu "tayari," nawe unapakuliwa chakula cha jana. Hicho ndicho tulichokiita kiporo.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa mpiga chapa tu, sijui kompyuta ina nini tumboni. Nilikabidhiwa kwa Maalim Bashiri, aliyekuwa amefundisha hesabu shuleni miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Mtu mwembamba, miwani imefungwa uzi kwenye sikio moja, sauti ya chini. Akanipa programu ndogo iliyoandika kwenye kioo "Karibu Kilifi." Akasema, "Rukia, ibadilishe, iseme Karibu Mambrui." Nikabadilisha. Nikaiwasha. Karibu Kilifi. Nikafungua tena, nikaona nimeandika Mambrui sawasawa. Nikaiwasha. Karibu Kilifi! Tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri nilibishana na kile kioo.

"Maalim," nikasema, "mashine hii inanidharau."

"Haikujui, itakudharauje? Umepika?"

"Nipike nini, Maalim?"

Akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Ndiyo siku niliyojua kwamba kubadilisha maagizo bila kupika ni kuandika upya orodha ya vikolezo huku unaonja sufuria ile ile.

Alinifundisha desturi moja ambayo nawausia hadi leo. Programu ikikataa kubadilika, usianze kutengeneza. Kwanza ilazimishe ipige kelele. Chomeka ndani ya maagizo neno ambalo halikuwepo, pika, washa. Ukiliona neno, basi unazungumza na programu yako na kosa ni lako. Usipoliona, unamgombeza mtu mwingine. Neno lake Maalim lilikuwa "biriani." Nami nikalirithi, nikalitumia bila kipimo. Kuna mwenye duka la dawa kule Malindi aliyefungua programu yetu mpya mbele ya wateja, ikamkaribisha kwa herufi kubwa: BIRIANI. Alinipigia simu akaniuliza kama ni mwaliko.

Dawa ya kiporo ni kufagia: futa faili zote zilizopikwa, kisha pika upya kila kitu tangu mwanzo. Mimi katika mwaka wangu wa kwanza nilifagia kwa mkono, kwa amri ya kuandika, nikaacha nafasi mahali pasipotakiwa nafasi. Mashine haikuuliza. Ikafuta vilivyopikwa na visivyopikwa, pamoja na maagizo yote ya miezi minne. Ya Allah! Nilikaa pale mikono kichwani. Maalim alikwenda dirishani, akatazama nje kitambo, midomo ikisoma kitu. Kisha akafungua mtoto wa meza yake akatoa diski.

"Nakala ya jana jioni," akasema.

"Unanichukulia nakala tangu lini?"

"Tangu siku ya Karibu Mambrui."

Nilimbusu mkono, na kwa muda wa wiki nzima nilimletea mahamri ya kwetu.

Kesi zilikuwa nyingi. Kulikuwa na duka moja la vyombo Malindi lililonila siku mbili, kila nikipika halikubali, biriani haionekani. Hatimaye nikagundua programu zilikuwa mbili kwenye mashine ile ile. Shemeji wa mwenye duka alikuwa ameinakili mahali pengine "isipotee," na alama waliyokuwa wakiibonyeza kila asubuhi ilikuwa ya ile nakala. Mimi nilikuwa nikihudumia programu ambayo hakuna mtu aliyeitumia. Siku hizo nilikuwa na hasira za karibu, nikamwambia shemeji maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wajukuu wanajua kusoma.

Maalim Bashiri alistaafu, baadaye akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nikabaki mimi. Bwana Fumo, mwenye kampuni, akinitambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ni Bi Rukia. Kiporo hakikai alipo." Nikawa natembea kifua mbele. Kiburi kiliniingia, sikatai, na nilikuwa nacho kibichi kabisa alipokuja Kadzo.

Kadzo alitoka Matsangoni, ametoka kuhitimu chuo kikuu, mpole, mwenye adabu za zamani. Kila asubuhi, "Shikamoo, Bi Rukia," na magoti yanakunjika kidogo. Alikuja kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilimkabidhi mimi mwenyewe kiti, meza na kompyuta, nikampa kazi ambayo sikumpa mtu kwa mzaha: programu ya zahanati inayokokotoa kipimo cha dawa ya maji kwa watoto kulingana na uzito wao. Mamake, nilikuja kusikia, alisimama kanisani akatangaza kwamba binti yake anatengeneza kitu cha kutibia watoto. Matsangoni yote ilijua.

Muuguzi mmoja aliyetusaidia kufanya majaribio aligundua kosa. Ukiingiza mtoto wa kilo saba, kipimo ni sawa. Ukiingiza kilo saba na nusu, programu inampandisha hadi kilo nane, na dawa inazidi. Kwa mtoto mchanga hilo si jambo la kuchekea. Kadzo akaambiwa arekebishe. Saa nane mchana akasema, "Tayari, nimerekebisha na nimepika." Saa tisa na nusu muuguzi akajaribu: kosa liko pale pale. Kesho yake asubuhi, Kadzo amegusagusa kidogo tu, programu ni nzima kabisa! Mchana akaongeza marekebisho mengine, akasema tayari. Muuguzi akajaribu, hakuna kilichobadilika. Asubuhi, yamo. Ikawa hivyo mara tatu, mara nne. Wenzake wawili waliokuwa na kompyuta zao hawakupatwa na kitu.

Mbeyu wa mapokezi akasema ofisi ina jini anayelala asubuhi na kuamka mchana, akataka aitwe mtu wa kusoma. Tukamcheka. Bwana Fumo akaja na lake. "Mtoto huyu anatudanganya. Mchana anasema amemaliza, hajafanya kitu. Anafanyia kwao usiku, anatuletea asubuhi." Jini nilimkataa pale pale. Hili la Bwana Fumo nikalimeza zima zima, na hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Mtaniuliza, wewe bingwa, hukufagia? Sikufagia. Programu ilikuwa imekua, na kufagia na kupika yote upya kulishika mashine kuu karibu saa nzima, na mashine hiyo moja ndiyo iliyopika kazi za ofisi yote. Tulifagia Ijumaa tu. Biriani je? Sikuweka. Somo la siku yangu ya kwanza! Nilisimama kwenye mashine kuu, nikaamuru ipike faili ya Kadzo, ikajibu tayari, nikaridhika. Nilikuwa nimeshaamua nani mkosa, na mtu akishaamua hatafuti tena.

"Haki ya Mungu, Bi Rukia, nimebadilisha," Kadzo akaniambia. "Njoo utazame kwenye kioo changu."

Nikaenda nikatazama. Kweli marekebisho yalikuwemo. Mimi nikamjibu, na watu wanasikia, "Umeandika sasa hivi uliponiona nanyanyuka."

Alitazama mikono yake. Baadaye Mbeyu aliniambia alimkuta msalani amefungulia bomba ili kilio kisisikike. Nami nikasema, ah, akilia basi anajua alichofanya. Naandika haya mjue mlikuwa mkinipa shikamoo mtu gani.

Majaribio yake yalikuwa yanaisha Ijumaa. Alhamisi asubuhi Bwana Fumo akaniomba niandike barua ya kueleza kwa nini asiajiriwe. Nikaiandika, aya mbili, safi, bila hata neno la kufuta. Niliandika kwamba Kadzo ana bidii ila hasemi kweli. Nikaitia sahihi, nikaiweka kwenye bahasha. Halafu nikaona barua bila ushahidi haitoshi. Kila faili hubeba saa ilipohifadhiwa. Nikasema, leo namkamata: ahifadhi mbele yangu mchana huu, kisha nilinganishe na zile anazodai za siku zilizopita.

Nikamwita. "Badilisha neno moja hapo. Hifadhi. Chukua kwenye flashi, ulete kwenye mashine kuu."

Akafanya. Mashine za kazi hatukuziunganisha na mtandao, Bwana Fumo aliogopa virusi kama watu wanavyoogopa ndui, kwa hiyo kila kitu kilibebwa kwa flashi. Nikaorodhesha faili na saa zake. Ya Kadzo ilionyesha 9:20. Nikatazama saa yangu mkononi. Tisa na dakika ishirini. Sawasawa! Nikaamuru ipike. "Tayari." Nikaitazama na ile iliyopikwa, ilionyesha 13:05.

Kumi na tatu?

Nikasogeza miwani. Saa tisa alasiri kwa mashine ni kumi na tano. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane, si tangu jua lichomoze. Tisa na ishirini kwa mashine ni asubuhi. Faili aliyoihifadhi Kadzo mbele ya macho yangu dakika moja iliyopita ilikuwa inadai imeandikwa asubuhi, kabla ya mapishi ya saa saba mchana. Mashine kuu ikaitazama, ikaona ni ya zamani, ikapita. Asubuhi ilipita vizuri kwa sababu mapishi ya mwisho yalikuwa ya jana, na hata ikirudi nyuma saa sita bado ilikuwa mpya kuliko jana. Jini wetu wa mchana alikuwa saa tu.

Kompyuta ya Kadzo ilikuwa nyuma kwa saa sita kamili. Kwetu sisi, anayekosea kwa saa sita kamili hakosei kwa bahati mbaya.

Navaa saa niliyoachiwa na marehemu baba, aliyekuwa muadhini hapa Mambrui. Mishale yake inafuata Kiswahili: saa nane mchana, mshale uko kwenye nane. Sijawahi kuigeuza na sitaigeuza. Siku Kadzo alipoanza kazi, kompyuta yake ilikuwa imetiwa betri mpya ndogo ya ndani, ikauliza saa ngapi. Ilikuwa Ramadhani, saumu imenishika, Bwana Fumo ananiita. Nikatupa jicho mkononi, nikaandika nane na kumi, nikaondoka. Miaka thelathini na kitu najua mashine inahesabu vipi. Ninajua! Nimewafundisha nyinyi!

"Kadzo," nikasema, "hii saa ya kompyuta yako hukuiona?"

"Niliiona, Bi Rukia. Tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Uliiweka wewe mwenyewe. Nikatazama na saa yako ya mkononi, nikaona nayo iko vile vile. Nikasema basi, Waswahili ofisini kwao ndivyo wanavyohesabu. Ningeanzaje kumrekebisha mtu mzima, ndiyo kwanza nimeingia?"

Tulirekebisha saa. Nikafagia mashine kuu, Alhamisi, liwalo na liwe, wenzake wakilalama. Nikachomeka biriani. Tukapika yote upya, tukawasha, na BIRIANI ikajaa kioo. Kadzo akashika mdomo. Tukaitoa, tukapika tena, tukamwita muuguzi. Kilo saba na nusu: kipimo sawa. Sita na robo: sawa. Kadzo akasema "Mulungu wangu," akakaa chini kwenye sakafu, hakutafuta hata kiti.

Sasa niwaambie kilichonipita moyoni, maana hiki ndicho Maalim hakunifundisha. Hakuna aliyejua ila sisi wawili, na yeye asingesema. Bahasha ilikuwa mkobani mwangu. Ningeweza kuichana, nikamwambia Bwana Fumo ilikuwa betri mbovu, na jina langu likabaki linang'aa. Nilirudi nyumbani nalo hilo, nikalipenda, nikalipangia hata maneno.

Ijumaa asubuhi Bwana Fumo alitukusanya wote, chai na mahamri mezani, ili tusalimiane kabla ya kumwita Kadzo kando. Maneno niliyoyapanga yakanipotea. Nikasema, "Bwana Fumo, hakuna jini na hakuna mwongo. Saa ya kompyuta ya Kadzo niliiweka mimi, kwa hii ya mkononi."

Mbeyu akauliza, "Kwa hiyo yule jini ni wewe, Bi Rukia?" Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Bwana Fumo alicheka hadi akapaliwa na hamri, akapigwa mgongo. Mimi nilicheka nao, nikadhani yamekwisha, na kwa bei nafuu.

"Haya," akasema Bwana Fumo akijifuta macho, hajui anachokisema, "basi ile barua uliyomwandikia Kadzo haina kazi tena."

Kadzo hakuwa amecheka. Akageuka. "Barua gani, Bi Rukia?"

Nikaitoa mkobani, nikampa. Akaisoma amesimama, yote, aya mbili, kisha akairudia. Watu walianza kuangalia vikombe vyao.

"Hapa umeandika sisemi kweli," akasema.

"Ndiyo."

"Niandikie nyingine."

Nikakaa pale pale, kati ya sahani za mahamri, nikaandika. Nilieleza saa, nikaeleza betri, nikaeleza jinsi mashine kuu inavyolinganisha faili, kwa ufundi wangu wote. Nikampa. Akaisoma polepole.

"Yote ni kweli," akasema. "Lakini umeandika habari za saa. Mimi umeniweka wapi?"

Nikaichukua. Chini ya yote nikaandika: "Kadzo alisema kweli kila siku, nami nilimwita mwongo mbele ya watu. Namwomba radhi." Nikatia sahihi, nikampa.

Bwana Fumo akanyoosha mkono aipokee, aiweke kwenye faili za ofisi. Kadzo akaikunja mara mbili, akaitia mkobani mwake. "Hii ni ya mama," akasema, akaenda kukaa mezani kwake kuanza kazi.